Bendiso za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bledi na spea (Dar es Salaam)

Maswali haya yamekusanywa karakana, Keko, kwa miaka kadhaa. Mengi huja kwa simu, mpigaji akiwa tayari amesimama kaunta ya duka Kariakoo: "Fundi, muuzaji anauliza bledi ya ngapi, nimwambie ngapi?" Kwa hiyo majibu yameandikwa hivi kwamba ukisoma swali lako peke yake litakutosha. Pale jibu linapogusa swali jingine, tumekuelekeza huko badala ya kurudia.

Hapa "bendiso" ni mashine yenyewe ya kukatia mbao, "bledi" ni msumeno ule wa mkanda unaozunguka, na "vishikizo" ni vile vipande au beringi ndogo zinazouzuia usiyumbe pembeni na nyuma.

## Kuijua mashine uliyonayo

Nimenunua bendiso ya zamani, haina jina wala kibao. Nianzie wapi?

Anza na futi kamba, jina litafuata. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakitafuta jina la mashine ilhali spea tisa kati ya kumi wanazozihitaji hazina uhusiano na jina. Beringi ina namba yake, belti ina namba yake, na bledi hupimwa kwa urefu, upana na unene. Vitu ambavyo kweli vinahitaji jina ni vichache: gurudumu, meza, egemeo la meza, bracketi ya vishikizo, na baadhi ya springi.

Pima kipenyo cha magurudumu, umbali kati ya senta zake, upana wa gurudumu, na nafasi kutoka bledi hadi nguzo ya mashine. Andika ukutani, si kwenye kiganja. Kisha chukua kitambaa na dizeli kidogo, futa rangi na vumbi kwenye nguzo, nyuma ya mlango wa gurudumu la chini, na chini ya meza. Herufi zilizomiminwa pamoja na chuma mara nyingi zimefunikwa na rangi ya tatu au ya nne. Tuliwahi kuletewa mashine "ya Kichina" ambayo, baada ya kukwangua, ilitoa neno LEICESTER chini ya meza.

Kibao kipo lakini kina namba nyingi. Ipi ni ya mashine?

Kibao kilichofungwa kwenye mota ni cha mota. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wengi: mtu anasoma jina la mota na kuagiza spea za bendiso kwa jina hilo. Mota ilishabadilishwa pengine mara mbili kabla mashine haijakufikia.

Kwenye kibao cha mashine tafuta vitu viwili, modeli na namba ya pekee ya mashine hiyo. Modeli hukuambia ni umbo gani. Namba ya pekee humsaidia muuza spea kujua ilitoka katika kundi lipi, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadilisha shafti au beringi katikati ya miaka bila kubadilisha modeli. Kwa mashine za Craftsman za Marekani, zilizouzwa na Sears, tarakimu tatu za mwanzo kabla ya nukta ni za kiwanda kilichotengeneza: 113 ni Emerson, 103 ni King-Seeley. Sears haikuwa inatengeneza mashine hizo yenyewe.

Mashine moja, majina mawili. Ni feki?

Si lazima. Viwanda vilinunuana. Delta ya Marekani ilichukuliwa na Rockwell mwaka 1945, ndiyo maana bendiso ileile ya inchi 14 utaikuta imeandikwa Delta, nyingine Rockwell, nyingine majina yote mawili. Wadkin ya Leicester, Uingereza, nayo ina mashine zilizoandikwa Wadkin Bursgreen.

Halafu kuna nakala. Umbo la Delta ya inchi 14, lililoanza miaka ya 1930, limeigwa mno na viwanda vya Taiwan na baadaye China. Kwa mwenye mashine hiyo, hii ni habari njema: mipira ya magurudumu, springi ya kukazia na vishikizo vya nakala mara nyingi huingia kwenye mashine ya asili. Pima kwanza, lakini usivikatae kwa sababu tu si "orijino".

"Bendiso ya inchi 14" maana yake nini hasa?

Kwa kawaida ni kipenyo cha gurudumu. Hakikuambii urefu wa bledi. Delta ya inchi 14 hutumia bledi ya inchi 93½, yaani milimita 2,375. Startrite 352 ya Uingereza, ambayo nayo iko kwenye kundi la inchi 14, hutumia inchi 112, yaani milimita 2,845. Tofauti ni karibu nusu mita. Ukienda dukani na kusema "nipe bledi ya inchi 14", utakachopewa ni bahati yako.

Kitabu cha mashine nakipata wapi?

Kwa mashine za Marekani na baadhi ya za Uingereza, tovuti ya vintagemachinery.org imehifadhi vitabu na katalogi nyingi zilizoskaniwa, na kupakua ni bure. Tafuta kwa jina la kiwanda kwanza, kisha modeli. Picha ya mchoro uliotawanyisha spea zote ndiyo yenye thamani, kwa sababu kila spea ina namba pembeni. Usipopata kitabu cha modeli yako, cha modeli jirani ya kiwanda hichohicho hutosha kukuonyesha mpangilio wa beringi na shafti.

## Urefu wa bledi

Bledi ya zamani haipo. Nitajuaje urefu?

Kuna njia ya hesabu na njia ya mkanda. Fanya zote mbili. Zikipishana sana, rudia.

Kabla ya yote, tafuta mahali pa gurudumu la juu. Gurudumu hilo hupanda na kushuka kwa skrubu ya kukazia. Lishushe hadi mwisho, weka alama. Lipandishe hadi mwisho, weka alama. Kisha liweke katikati, au juu ya katikati kidogo. Ukipima gurudumu likiwa juu kabisa, bledi utakayokatiwa haitakaza. Ukipima likiwa chini kabisa, haitaingia.

Hesabu: kwa magurudumu mawili yaliyo sawa, zidisha kipenyo kwa 3.1416, kisha ongeza mara mbili ya umbali kati ya senta za shafti. Mfano, magurudumu ya milimita 500, senta hadi senta milimita 1,150. 500 × 3.1416 ni 1,571. Mara mbili ya 1,150 ni 2,300. Jumla milimita 3,871. Kipenyo kipimwe juu ya mpira, si kwenye chuma, maana bledi inapita juu ya mpira. Milimita 5 za mpira kila upande ni milimita 10 za kipenyo, na hizo ni zaidi ya milimita 31 za urefu wa bledi.

Njia ya mkanda: usitumie kamba ya manila, inavutika. Sisi tunatumia ule mkanda mgumu wa plastiki wa kufungia maboksi, ambao duka lolote la jumla wanautupa nje. Uzungushe kwenye magurudumu yote mawili kama bledi, mtu mmoja avute mpaka usilegee, mwingine akate mstari kwa kisu pale ncha zinapopishana. Utoe, uulaze sakafuni, upime kwa futi kamba ya chuma. Ule mkanda tunauning'iniza msumarini na jina la mteja, na akirudi baada ya mwaka hatupimi tena.

Bledi iliyokatika ninayo. Nipime hiyo tu?

Ndiyo, ni njia bora, kwa masharti mawili. Iwe imekatika sehemu moja, na iwe haijawahi kuungwa upya. Kila fundi anapounga bledi anakata kidogo kila ncha. Bledi iliyoungwa mara tatu inaweza kuwa fupi kwa sentimita kadhaa, na ndiyo maana ilikuwa inakazwa kwa shida. Hesabu viungo kwa kupitisha kidole upande wa mgongo, taratibu. Kiungo cha kiwandani ni laini. Cha mtaani utakisikia.

Duka lina bledi yenye urefu uliopishana kidogo na wangu. Ichukuliwe?

Gurudumu la juu likipanda milimita 10, bledi "inaliwa" milimita 20, kwa sababu inapita pande zote mbili. Kwa hiyo pima safari nzima ya gurudumu la juu, zidisha mara mbili, na hapo una tofauti ya urefu inayokubalika. Mashine yenye safari ya milimita 25 inavumilia tofauti ya milimita 50 kutoka mwisho hadi mwisho. Jiwekee akiba upande wa juu, kwa kuwa bledi lazima ikazwe baada ya kuingia.

Mashine yangu imeongezewa kipande cha chuma katikati ya nguzo. Bledi inabadilika?

Inabadilika, na kwa mara mbili ya kimo cha kipande. Delta ya inchi 14 ikiongezewa kipande cha inchi 6 inatoka inchi 93½ hadi 105½. Bledi zinazouzwa kama inchi 105 zinaingia bila taabu. Wauzaji wa mitumba huwa hawasemi kama kipande kipo, huenda hata wao hawakijui. Angalia mstari wa maungio kwenye nguzo na bolti ndefu inayopita ndani yake.

Mashine ina magurudumu matatu. Hesabu ile inafaa?

Haifai. Tumia mkanda wa boksi. Soma pia jibu kuhusu unene hapa chini, kwa sababu magurudumu madogo ya mashine hizi ndiyo yanayovunja bledi.

## Upana, unene na meno

Nitumie bledi ya upana gani?

Inategemea unakata mkunjo au unapasua. Bledi nyembamba inapinda, pana inanyooka. Kwa makadirio, bledi ya milimita 6 inaweza kugeuka kwenye mduara wenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, ya milimita 10 kwenye 37, ya milimita 13 kwenye 64, na ya milimita 19 inahitaji takriban 138. Anayekata migongo ya viti na miguu ya meza ya mkunjo atatulia na ya milimita 10. Anayepasua mninga kutengeneza mbao nyembamba za paneli atataka pana kadiri mashine inavyoruhusu.

Na mashine huruhusu kiasi. Upana wa gurudumu si ruhusa. Swali ni kama springi na nguzo zinaweza kukaza bledi hiyo vya kutosha. Bendiso ndogo ya nguzo ya kumimina ukiivalisha bledi ya milimita 25, utazungusha skrubu mpaka springi ifunge kabisa, na bledi bado itakuwa inayumba ndani ya mbao. Ya milimita 13 iliyokazwa vizuri ingepasua mbao ileile kwa unyoofu zaidi.

Bledi zangu zinakatika ovyo hata kabla hazijawa butu. Kwa nini?

Kama hazikatiki kwenye kiungo (kwa hilo tazama swali la kiungo), shuku unene. Bledi inapinda na kunyooka mara mamia kwa dakika, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Kanuni ya mafundi wa zamani ni unene usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu: gurudumu la milimita 600, bledi isizidi milimita 0.6, gurudumu la milimita 350, milimita 0.35.

Ukweli wa madukani ni kwamba bledi nyingi zilizopo ni za unene wa kama milimita 0.6, na watu wanazivalisha kwenye mashine za inchi 14 kila siku. Zinafanya kazi, ila hazidumu, na kwenye mashine ya magurudumu matatu hazidumu hata kidogo. Ukiagiza, taja unene. Usipoutaja, utaletewa uliopo.

Sababu nyingine: mpira wa gurudumu uliochakaa mpaka chuma, vishikizo vinavyobana meno badala ya mwili wa bledi, na bledi inayoachwa imekazwa usiku kucha na wikendi.

Meno mangapi kwa inchi?

Lengo ni angalau meno matatu ndani ya mbao wakati wote, na yasizidi mno hadi unga ukose pa kwenda. Mbao ya inchi moja na bledi ya meno 4 kwa inchi: meno manne, sawa. Gogo la inchi 6 na meno 3 kwa inchi: meno 18, inatosha na ni bora kuliko meno 6, ambayo yangekuwa 36 na yangechoma. Plaiwudi ya milimita 6 kwa bledi ya meno 4: jino moja tu ndani, itachana ukingo, hapo nenda 12 au 14.

Bledi za Ulaya huandikwa umbali wa jino hadi jino kwa milimita. Gawanya 25.4 kwa namba hiyo. Milimita 6 ni kama meno 4 kwa inchi.

Mpingo, mninga, paini: bledi moja inatosha zote?

Hapana, lakini mbili zinatosha. Paini za Mafinga zina utomvu. Zinataka jino kubwa lenye bonde (nafasi kati ya jino na jino) pana, meno 3 au 4, na zinataka bledi ifutwe kwa mafuta ya taa utomvu ukiganda. Mninga hauna makuu. Mpingo ni mzito kuliko maji, unazama ukiutia kwenye ndoo, na unakula meno. Wachongaji wanaoleta vipande vya mpingo kupasuliwa tunawavalishia bledi yao ya kando, tunasukuma polepole, na bei yao ni tofauti. Hakuna anayelalamika zaidi ya mara moja.

Nimevalisha bledi mpya, meno yanatazama juu. Nimeuziwa ya mashine ya mkono wa kushoto?

Hakuna bledi ya mkono wa kushoto. Ivue, ishike kwa mikono miwili ukiwa umevaa glavu, uigeuze ndani nje kama soksi. Meno sasa yatatazama chini, kuelekea mezani. Simu za swali hili hatuzihesabu tena, na wapigaji wawili walikuwa wameshairudisha dukani.

Bledi inakatika pembeni tu ya kiungo. Tatizo ni muungaji?

Mara nyingi, ndiyo. Joto la kuunga huuacha ukanda mwembamba wa chuma karibu na kiungo ukiwa mgumu na mkavu kama kioo. Dawa yake ni kulegeza: baada ya kuunga, kiungo kinapashwa tena hadi wekundu hafifu unaoonekana gizani, kisha kinaachwa kipoe taratibu, bila upepo wala maji. Mashine za kuungia bledi zina kitufe cha kazi hiyo. Muungaji mwenye haraka anakiruka.

Jaribu papo hapo kabla hujalipa. Kunja bledi kwa mikono, kiungo kikiwa katikati ya upinde. Upinde uwe wa mviringo sawa. Kiungo kikibaki kimenyooka kama kijiti huku pande zake zikipinda, ni kigumu, kirudishwe kikalegezwe. Tazama pia kama mgongo wa bledi umenyooka pale palipoungwa, weka rula.

Kuunga kwa solda ya fedha na boraksi, ncha zikiwa zimechongwa mshazari na kulaliana, bado ni njia nzuri kwa bledi nyembamba. Kulehemu kwa fimbo ya kawaida ya kuchomelea mageti si njia.

Bledi ya kukatia chuma inafaa kwa mbao?

Urefu ukilingana itaingia, lakini meno yake ni madogo na yataziba unga na kuchoma mbao. Kwa kukata msumari uliofichika kwenye mbao za kubomolea, sawa, mara moja.

## Beringi, mipira, bolti na vipande vingine

Beringi nizisomeje?

Namba imechorwa kwenye pete au kwenye kifuniko. Kwa beringi za kawaida zinazoanza na 60, 62 au 63, tarakimu mbili za mwisho hukupa tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 zidisha kwa 5. 6204 ni tundu la milimita 20, nje 47, upana 14. 6205 ni 25, 52 na 15. Herufi za mwisho ni za kifuniko: ZZ ni cha bati, 2RS ni cha mpira. Kwenye vumbi la mbao chukua 2RS. Maduka ya beringi ya Kariakoo, upande wa Gerezani, ukiwapa namba hawakuulizi mashine gani.

Beringi ya 6205 inakataa kuingia kwenye shafti, inabaki kidogo sana. Nipige msasa shafti?

Usipige! Simama hapo, chukua venia (kile kipimo cha mataya), pima shafti. Ikiwa ni milimita 25.4, shafti yako ni ya inchi moja na mashine ni ya vipimo vya Kiingereza. Beringi yake pengine ni RLS 8: ndani 25.4, nje 57.15, upana 15.875. Ona kwamba hata nje haifanani na 6205.

Tulipokea mashine ambayo fundi mmoja alifanya "suluhisho": alisugua shafti mpaka 6205 ikaingia, kisha akachongesha bushi ya kuziba nafasi ya nje. Shafti ilisuguliwa kwa mkono, ikawa na umbo la yai. Gurudumu lilicheza, bledi ikawa inapanda mbele na kurudi nyuma kila mzunguko, na mwenye mashine alishanunua bledi nne akidhani ni bledi. Shafti mpya ilichongwa kwenye leithi Vingunguti. Beringi ya inchi ingeagizwa kwa gharama ndogo kuliko hizo bledi nne.

Mpira wa gurudumu umekwisha. Natumia nini?

Kwanza angalia umbo la chuma chini ya mpira. Magurudumu mengine yana mgongo, yaani katikati pamenyanyuka kidogo ili bledi ijitafutie kati; mengine ni bapa. Kama mgongo uko kwenye chuma, mpira wa unene sawa unatosha. Kama chuma ni bapa na mgongo ulikuwa kwenye mpira, utahitaji kuuchonga baada ya kubandika, kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao huku gurudumu likizungushwa kwa mkono.

Mipira ya plastiki ya uretheni huuzwa kwa kipenyo, huloweshwa maji ya moto na kuvutwa mpaka ikae, bila gundi. Mpira wa kawaida hubandikwa kwa gundi ya viatu kwenye chuma kilichosafishwa mpaka king'ae. Tyubu ya gari iliyokatwa pete? Inafanya kazi wiki kadhaa, na tumeshaitumia kumalizia oda. Ila unene wake haulingani pande zote na bledi inadunda. Usiiite matengenezo.

Ukishabadilisha mpira, pima upya urefu wa bledi. Sababu iko kwenye swali la kwanza la urefu.

Bolti inaingia mizunguko mitatu halafu inakwama. Ni chafu?

Inawezekana ni nyuzi tofauti. Mashine za Uingereza za zamani zina nyuzi za Whitworth, za Marekani zina UNC, mpya zina metriki. Kwenye bolti za robo inchi na za inchi 3/8, Whitworth na UNC zina idadi sawa ya nyuzi kwa inchi, ingawa pembe hazifanani (digrii 55 na 60), kwa hiyo hukubaliana kwa shingo upande. Kwenye nusu inchi hazikubaliani: Whitworth ina nyuzi 12, UNC 13. Na bolti ya M12 nayo ni nyingine kabisa. Ukilazimisha kwa spana ndefu utavua nyuzi za chuma cha kumimina, na hizo hazirudi. Kipimo cha nyuzi, yale majani ya chuma kama kisu cha kukunja, si ghali.

Belti?

Namba iko mgongoni. A42 ni belti ya upana wa milimita 13, urefu wa ndani inchi 42. B ni upana wa 17. Namba ikifutika, pima ndani kwa mkanda wa boksi.

Vishikizo vimelika. Lazima vya kiwandani?

Hapana, na hapa ndipo Dar tuna bahati. Kama vishikizo vyako ni vipande vya pembe nne vya chuma, vipande vya mpingo mkavu vilivyoloweshwa mafuta hukaa vizuri, havili meno kama chuma bledi ikivigusa kwa bahati mbaya, na vikilika unavichonga upya kwa dakika tano. Vikaribie bledi kwa nafasi ya unene wa karatasi, nyuma ya mabonde ya meno. Beringi ya nyuma isiguse bledi mashine ikizunguka bure. Iguse pale tu unaposukuma mbao.

Spea gani nichongeshe hapa na gani niagize?

Shafti, bushi, puli, skrubu ya kukazia, springi na bracketi vinachongeka mjini. Peleka kipande cha zamani hata kama kimevunjika, pamoja na kile kinachoingiliana nacho. Fundi wa leithi akiwa na beringi mkononi hakosei kipimo.

Gurudumu lililopasuka ni habari nyingine. Usilichomelee. Chuma cha kumimina kikichomelewa bila kupashwa na kupozwa inavyotakiwa hupasuka tena pembeni ya mshono, na hili linazunguka mamia ya mara kwa dakika mbele ya tumbo lako. Ligonge kwa nyundo ndogo likiwa limening'inia: zima hulia kama kengele, lililopasuka hutoa sauti ya sufuria mbovu. Kama huwezi kupata jingine, mashine hiyo imekuwa ya spea.

## Umeme na kasi

Mota ni ya fezi tatu, kwangu kuna fezi moja. Niibadilishe?

Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 220/380 au 230/400, inaweza kuunganishwa kwa mtindo wa delta na kuendeshwa na VFD (kifaa cha kielektroniki kinachoipa mota fezi tatu) inayopokea fezi moja. Kikiandikwa 380 au 415 pekee, nyaya huenda zimefungwa ndani kwa mtindo wa stari na kuzitoa ni kazi ya fundi wa kusuka mota. Wakati mwingine mota nyingine ya fezi moja ndiyo njia fupi. Kapasita ya kuilaghai mota ya fezi tatu inaizungusha, lakini nguvu inapungua sana, na wewe unataka nguvu hizo gogo likiwa katikati.

Mashine imetoka Marekani. Inazunguka polepole na mota inachemka.

Umeme wa Marekani ni mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni 50. Mota iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa dakika kule, hapa itazunguka kama 1,440. Na ikiwa imeandikwa 115 volti, usiichomeke kabisa. Tiba safi ni mota ya 50, kisha kuongeza puli ya mota kwa moja ya tano: ya milimita 100 iwe 120. Magurudumu yatarudi kwenye kasi yake.

Kukagua kasi ya bledi: kipenyo cha gurudumu kwa mita × 3.1416 × mizunguko kwa dakika. Gurudumu la mita 0.5 kwa mizunguko 720 hutoa mita 1,131 kwa dakika, karibu 19 kwa sekunde. Bendiso ndogo za mbao huwa karibu na 15 kwa sekunde, kubwa 20 hadi 25. Ukipata kama 1, umeuziwa mashine ya kukatia chuma.

## Kesi ngumu

Nimebadilisha bledi, mpira na beringi, bado inakata mshazari.

Kagua meno ya upande mmoja kama ni butu kuliko mwingine. Msumari mmoja unatosha. Pitisha mbao mstari ulionyooka kwa mkono bila uzio (ule ukingo wa mezani wa kuongozea mbao), uone bledi yenyewe inataka kwenda wapi. Ikiwa inaelekea upande uleule kila mara kwa pembe ileile, geuza uzio uifuate pembe hiyo. Ikiwa inabadilika-badilika, rudi kwenye kukaza, kwenye swali la upana.

Mashine kubwa ina breki ya mguu yenye lining'i ya zamani. Niisafishe kwa kompresa?

Usipulize. Lining'i za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, funga kitambaa kwenye mfuko na utupe, kisha weka lining'i mpya.

Niko mkoani, naweza kusaidiwa kwa simu?

Unaweza, ukituma picha hizi: mashine nzima ikiwa mlango wazi, kibao cha mashine, kibao cha mota, gurudumu la juu kwa ubavu likionyesha mpira, na spea yenyewe ikiwa kando ya rula. Vipimo vinne vya swali la kwanza viandikwe kwa milimita. Picha ya mashine iliyofunikwa turubai, na ujumbe "fundi hii inatumia bledi gani", huwa tunaijibu kwa kuomba uondoe turubai.